Nyuma ya Goli la Ndugu Yangu

Watu huniuliza kwa nini mwalimu mzima wa Kiswahili, mwenye rundo la mitihani ya kusahihisha, anamaliza Jumapili zake akiandika blogu ya mpira ambayo hakuna aliyemtuma kuiandika. Hutarajia niwajibu kwamba napenda mpira. Naupenda, ndiyo. Lakini sikuanza kwa mapenzi. Nilianza kwa sababu kulikuwa na mtu niliyetaka kumwona akidhalilika, na sikuwa na silaha nyingine ila simu yenye kioo kilichopasuka.

Tulizaliwa Busia, upande wa Uganda. Baba alikuwa dereva wa malori, na nyumba yetu ilinuka dizeli hata siku za Idi. Tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Nilipopata kazi ya kufundisha Tororo, yeye alinifuata, akaingia timu ya mji kama kipa. Alikuwa na mikono mirefu na kimya cha ajabu. Makipa wengi hupiga kelele. Yeye alinyoosha kidole tu na beki akajua pa kusimama.

Kwenye mechi zake sikukaa jukwaani. Nilisimama nyuma ya goli lake, karibu na wavu, kwa sababu ndivyo alivyoniomba.

"Dada, ukikaa kule juu sauti yako inamezwa na za wengine," aliniambia. "Ukiwa nyuma yangu nakusikia wewe peke yako."

Basi siku ya fainali ya kombe la timu za mpakani nilikuwa palepale. Wapinzani walitoka Busia ya Kenya, na mashabiki wao walivuka tangu asubuhi kwa boda boda na pikapu, wakiimba. Uwanja ulijaa hadi watu wakapanda miti. Mwamba wa Tororo ulikuwa mweupe kwa jua. Hakukuwa na upepo.

Jambo moja niliona mapema. Mistari ya uwanja ilikuwa imechorwa kwa chokaa mbichi, ile ya kujengea, si unga uliozoeleka. Ilikuwa nene na kavu, na wachezaji wetu walilalamika wakati wa kupasha misuli. Aliyeanguka karibu na mstari aliinuka akijikuna.

Matokeo yalikuwa sare hadi karibu na mwisho. Mpira ukapigwa chini chini kutoka kulia, mwepesi, wa kudakwa na mtoto. Mdogo wangu akashuka kuuchukua. Mshambuliaji wao akaja akiteleza, miguu mbele, akaufagia mstari wa goli. Chokaa ikaruka kama moshi na kumwingia ndugu yangu usoni. Alishika macho. Mpira ukapita ubavuni mwake polepole, ukaenda kulala wavuni, karibu na viatu vyangu.

Kutoka jukwaani walichokiona ni kipa aliyejifunika uso na kuuacha mpira upite. Mimi niliona macho yake. Niliruka kamba, nikamwosha kwa chupa yangu ya maji, naye akinishika mkono na kuniuliza, "Imeingia? Dada, imeingia?"

Kelele za upande wa pili zilimjibu.

Kliniki walimwosha tena na tena na kumfunga bandeji. Muuguzi alisema ana bahati hakupofuka. Siku mbili baadaye gazeti la mkoa likatoka. Ukurasa wa michezo ulikuwa na kichwa cha habari kikubwa kilichouliza kipa wa Tororo alinunuliwa kwa bei gani.

Nilisoma nimesimama kwenye kibanda cha magazeti. Mwandishi alisema goli lilifungwa kwa kichwa, kutokana na kona. Alisema kipa "aligeuza uso kama mtu aliyekwisha kupokea chake." Alisema duru za ndani ya timu zilikuwa na mashaka naye kwa muda mrefu. Chokaa haikutajwa. Nilirudia ile sentensi ya kona mara nyingi kwa sababu hapakuwa na kona. Huyu mtu hakuwa uwanjani!

Mji mdogo hausubiri ushahidi. Sokoni watu walianza kumtupia mdogo wangu sarafu miguuni. "Okota, kipa! Hiyo nayo ni yako!" Mwendesha boda aliyezoea kumbeba bure alimpita kama jiwe. Mwenyekiti wa timu, mzee mwenye tumbo na salamu ndefu, alikuja nyumbani kwangu, akanywa chai yangu, akasema kwa upole kwamba ingefaa kijana apumzike mpaka maneno yapoe. Alimwita "mwanangu." Nilimsindikiza hadi barabarani na kumshukuru.

Mdogo wangu hakubisha. Alifunga begi, akaenda Sop Sop kwenye shamba la mjomba wetu, akaanza kulima muhogo na karanga. Glavu zake alizichoma nyuma ya jiko. Harufu ya mpira ulioungua ilikaa kwenye mapazia yangu wiki nzima.

Nilikwenda kwenye ofisi ya gazeti, chumba cha ghorofani juu ya duka la dawa. Mhariri alinisikiliza huku akila karanga.

"Wewe unakuwa nani?" aliuliza.

"Dada yake. Nilikuwa nyuma ya goli. Niliona."

"Unaona sasa, Madamu? Wewe dada yake. Na huyu wetu ni mwandishi, iko na kitambulisho. Mashabiki wako wengi, kila mtu naona yake. Hatuwezi kuandika ya kila shabiki."

"Lakini yeye hakuwepo."

"Hiyo wewe naleta ushahidi," akasema, akafuta mikono kwa gazeti lilelile.

Niliteremka ngazi. Chini, mbele ya duka la dawa, niliapa jambo ambalo mama yangu angenipiga kofi kama angelisikia.

Jioni ile nikafungua blogu. Mwanafunzi wangu wa zamani alinionyesha namna ya kuifungua. Niliipa jina Nyuma ya Goli. Makala ya kwanza ilieleza lile goli, tangu mpira ulipotoka kulia hadi ulipogusa viatu vyangu, na nikaweka picha ya macho ya mdogo wangu yalivyokuwa siku ile. Niliandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayovuka mpaka bila kuonyesha kitambulisho. Mpadhola, Msamia, Mteso na Mjaluo wa upande wa pili wote wangenielewa. Kisha nikamtaja yule mwandishi kwa jina lake lote, nikamuuliza swali moja: ulisimama wapi?

Wasomaji wa kwanza walikuwa mwalimu mwenzangu na binamu yetu. Haidhuru. Nilikuwa na subira ya mtu anayechimba kisima.

Kila Jumapili nikaenda uwanjani. Sikuandika mara moja. Nilisubiri gazeti litoke, nikasoma aliyoyaandika yeye, ndipo nikaweka yangu. Akiandika kwamba beki fulani alicheza vizuri, nami nilimwona beki huyo akiwa benchi na kifundo cha mguu kimevimba, nilisema. Akiandika mvua ilivuruga kipindi cha pili, nami nimerudi nyumbani na vumbi kichwani, nilisema. Sikumtukana hata mara moja. Matusi yangempa pa kujificha. Nilimwandika kama ninavyosahihisha insha: kosa, usahihi wake, kosa, usahihi wake. Na nakiri kwamba nilifurahia. Kuna Jumapili nilizokwenda uwanjani kwa furaha ya mwindaji.

Lakini huwezi kusimama uwanjani miaka hiyo yote ukimtazama adui mmoja tu. Wengine wanaingia machoni. Niliandika juu ya winga aliyekuja na baiskeli kutoka Merikit, akacheza, akarudi na baiskeli kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Niliandika juu ya mama anayefua jezi za timu nzima na kuzianika kwa mpangilio wa namba, na kwamba ile ya kipa huianika peke yake, mbali. Niliandika timu ya wasichana ilipofungwa, kisha wakaimba njia nzima kurudi Busia. Gazeti halikuwa na nafasi ya mambo hayo. Siku moja mzee wa upande wa Kenya aliandika kwenye maoni kwamba mjukuu wake alifunga goli maishani mara moja tu, na mahali pekee lilipoandikwa ni kwangu, kwa hiyo amelipeleka likachapishwa na kubandikwa ukutani. Nilisoma maoni hayo darasani wakati wanafunzi wakifanya jaribio, ikabidi niwape mgongo.

Wapo wengi kama mimi. Kuna fundi wa redio upande wa Kenya anayeandika ndondi tu. Kuna msichana anayeandika mpira wa pete na hujibu kila msomaji. Wanacheka wenye ofisi: nani kawatuma? Hakuna. Ndiyo maana tunastahili heshima. Mtu aliyetumwa anaweza kuondoka kabla ya filimbi ya mwisho na bado akahesabiwa kuwa kazini. Sisi tukiondoka mapema hatuna cha kuandika. Na kila mmoja wetu, ukimchimba, utakuta kuna kitu alikiona kwa macho yake kikasimuliwa vingine na mtu ambaye hakuwepo.

Wasomaji wakaongezeka. Nikaacha kusubiri gazeti, nikawa naweka yangu Jumapili ileile, na makundi ya simu yakaanza kusambaza makala zangu kabla gazeti halijafika vibandani. Ndipo yule mwandishi akanijibu, redioni, mchana kweupe, kwenye kipindi cha michezo.

"Siku hizi kila mwenye bando ni mwandishi," alisema, na mtangazaji akacheka. "Mwanamke anasimama nyuma ya wavu, anaona migongo ya watu, halafu anatufundisha sisi kazi."

Niliyachukua maneno hayo yote, neno kwa neno, nikayaweka juu kabisa ya blogu yangu kama bango, chini yake nikaandika jina lake. Yakakaa hapo. Kila aliyekuja kusoma habari ya mechi alimpita yeye kwanza mlangoni.

Mama hakupenda. "Kisasi mwachie Mungu, mwanangu," aliniambia nilipokwenda kumwona Busia.

"Nimemwachia, Mama. Mimi namwandikia kumbukumbu tu."

Alinitazama kama anayetaka kucheka na kunichapa pamoja.

Ikapita miaka. Yule mwandishi alitoka gazetini, sijui kwa nini, na nilipolisikia nilitembea Tororo nzima nikiwa mwepesi. Kisha alasiri moja, shule ikiwa imetulia, mlinzi akaja kuniambia nina mgeni. Nikamkuta chini ya ukuta wa maabara, mtu mwembamba kuliko sauti yake, ameshika kofia mkononi. Sikuwahi kumwona kwa karibu.

"Madamu, shikamoo," akasema. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi.

Sikuitikia. Najua ni utovu wa adabu. Nilimwacha nayo mkononi pamoja na kofia.

"Nimekuja kuomba," akasema. "Nimeitwa kwenye kazi. Usemaji wa chama cha mpira. Wameniambia wananitaka, lakini wakiandika jina langu kwenye simu, unatokea wewe kwanza. Wewe, halafu wewe, halafu wewe. Nakuomba uondoe."

"Niondoe nini?"

"Yote yanayonitaja."

"Kuna lililo uongo?"

Akatazama viatu vyake. "Hakuna."

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo muda mrefu hata nilikuwa nimeandaa hotuba. Hotuba ikakauka. Nikamuuliza tu lile swali la siku ya kwanza. "Ulisimama wapi?"

"Sikuwepo," akasema. "Nilikuwa Busia, kwenye arusi ya shemeji yangu. Mwenyekiti alinipigia simu. Akanieleza goli, akanieleza na kijana. Nikaandika kama alivyosema."

"Mwenyekiti wa timu gani?"

"Yenu."

Nikaegemea ukuta. Akanieleza mengine bila kuulizwa, kama maji yaliyopata tundu. Ile chokaa mbichi ilikuwa imebaki kwenye jengo la mwenyekiti mwenyewe. Unga wa kawaida ulikosekana asubuhi ile, naye akaamuru itumike ya kwake. Wachezaji walipolalamika akawaambia waache kudeka. Goli lilipoingia namna ile, aliogopa watu watauliza chokaa ilitoka wapi. Akaona ni bora waulize kipa alilipwa na nani. Nikamkumbuka sebuleni kwangu, akipuliza chai, akimwita ndugu yangu "mwanangu."

"Haya," nikasema. "Sitaondoa hata herufi. Lakini ukiandika haya uliyoniambia, kwa jina lako, nitayaweka juu ya yote. Atakayekutafuta atakuta kwanza ulivyosema kweli."

"Nipeleke gazetini?"

"Gazeti litakupokea?"

Alijua halitampokea. Mwandishi mwenye kitambulisho alibakiwa na mahali pamoja tu pa kuandika, nyuma ya wavu, kwenye migongo ya watu.

Alinitumia makala yake ya kwanza kesho yake. Ilianza: "Inasemekana kwamba huenda palitokea hitilafu ya mawasiliano." Nilimrudishia na maneno matatu: Nani anasema? Rudia.

Ya pili ikaja. "Makosa yalifanyika." Nikamwandikia kwamba makosa hayajifanyi yenyewe, kwamba Kiswahili kina nafsi ya kwanza, na wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanaijua. Rudia.

Ya tatu ilikuwa na nafsi ya kwanza lakini ilijaa hali ya maisha, shinikizo la kazi, njaa ya watoto. Nikakata yote hayo kwa rangi nyekundu. Mdogo wangu pia alikuwa na njaa, nikaandika pembeni, na hakumwuza mtu. Rudia. Sijawahi kusahihisha kazi yoyote kwa raha kama ile. Nilikuwa nikimaliza kusahihisha, natia sukari nyingine kwenye chai.

Alipotuma ya mwisho ilikuwa fupi. "Sikuwa uwanjani. Niliandika uongo. Kipa hakuuza mechi. Aliingiwa na chokaa machoni, na mwenyekiti wake aliijua hiyo chokaa kwa sababu ilikuwa yake. Nilimwamini kwa sababu ilikuwa rahisi." Halafu jina lake. Sikuwa na cha kusahihisha. Nikaiweka kama ilivyo, na lile bango la redioni nikaliacha palepale juu.

Ijumaa nilipoiweka, mji haukusema lingine. Wachezaji wa enzi zile wakajitokeza kwenye maoni, mmoja baada ya mwingine, kusema ndiyo, hata sisi tuliungua miguu. Nikawauliza walikuwa wapi wakati wote huo. Wachache walijibu. Mwenyekiti alijiuzulu kwa sababu za afya, na tangu hapo akiniona sokoni huvuka barabara, na tumbo lake. Yule mwandishi alipata ile kazi ya usemaji. Lilinichoma hilo, sitaficha. Lakini kila anapohojiwa sasa huanza kwa kusema alikuwa amesimama wapi.

Idi iliyofuata mwenyekiti alimpelekea mama nyama. Mama, yule wa kumwachia Mungu, aliitazama, akaifunika, akairudisha na sahani ya jikoni kwake juu kama alama, ili mwenyekiti asipate kusingizia kwamba iliibwa njiani.

Viongozi wapya wa timu walinijia. Walitaka kwenda Sop Sop kumwomba ndugu yangu msamaha na kumrudisha, ikiwa si kucheza basi afundishe makipa. Nilikwenda nao. Tulimkuta shambani akitia karanga kwenye gunia. Walisimama mbele yake, suruali zao zimejaa mbegu za magugu, wakasema maneno mazuri. Mmoja alilia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kulainika. Nilimwona tayari golini, nikajiona nyuma yake.

Alifunga gunia kwanza. Kisha akawaambia, kwa ile sauti yake ya chini:

"Asanteni kwa kufika. Karanga mtapewa. Lakini sirudi. Chezeni na goli tupu."

Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Hakucheka. Walipokwisha kuingia garini nilibaki naye kidogo.

"Miaka yote nilifikiri hasira ni yangu," nilimwambia. "Nilifikiri wewe umesahau."

"Nisahau?" akasema. "Dada, mtandao unafika huku. Nimesoma kila Jumapili. Ukikosa kuandika, Jumatatu silimi vizuri."

Msimu uliofuata timu ilikuwa na kipa mpya, kijana wa watu, sina ugomvi naye. Lakini ilifungwa vibaya na wale wa upande wa Kenya, nyumbani, mbele ya viongozi wote. Nilisimama mahali pangu na kuyaona magoli yote yakiingia. Niliyaandika kwa haki, sikuongeza wala sikupunguza; goli la tatu nililiandikia aya nzima kwa sababu lilistahili.

Simu ikalia nikiwa bado naosha vyombo vya mchana. Alikuwa yeye, kutoka Sop Sop.

"Nimesoma," akasema. "Lakini nisomee wewe, kwa mdomo wako. Lile la tatu."

Nikafuta mikono, nikaketi jikoni, nikamsomea. Alisikiliza hadi mpira ulipovuka mstari. Kisha nikamsikia akicheka, cheko refu la tumboni, akimwita mjomba aje naye asikilize, akiniambia nianze tena tangu mwanzo wa aya.